Tumbo Lenye Masharti: Kula Mboga Mboga Wakati Chakula Nacho Kinakukataa

Tumbo langu lina masharti mengi kuliko ya mganga. Maziwa halitaki, kitunguu maji halitaki, kitunguu saumu ndiyo kabisa, na maharage linayapokea kwa mashaka. Mtu wa tumbo hilo ndiye aliyeamua kupunguza nyama. Mayai nakula, samaki mara mojamoja, nyama labda mara mbili kwa mwezi nikiwa mgeni wa watu. Siku nyingine zote ni nafaka, mbegu, majani na jamii ya kunde, yaani vitu vilevile ambavyo tumbo langu linavinunia.

Huu ni mwaka wa tisa naishi hivi. Miaka miwili ya mwanzo nilikosea karibu kila kitu, na mengi ninayoandika hapa nimeyaokota hukohuko.

Kosa kubwa lilikuwa hili. Wiki moja nilichoka kuvimbiwa, nikaacha kwa mpigo maziwa, ngano, maharage, soya, karanga na vitunguu. Tumbo likatulia siku ya nne. Nilifurahi mno! Nikaendelea kwa miezi mitano na wali, viazi, karoti na matango, nikijiona nimepata dawa. Kisha nikaanza kusimama katikati ya ngazi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kumbe pumzi imeisha. Vipimo vikaonyesha upungufu wa damu, akiba ya chuma karibu haipo, na vitamini B12 iko mpakani. Jambo la kuudhi zaidi ni kwamba baada ya miezi yote hiyo bado sikujua mkosaji ni nani. Nilikuwa nimewafunga watuhumiwa sita kwa kosa la mmoja au wawili.

Tangu hapo najiwekea sharti: sitoi chakula kwenye sahani kabla sijajua nini kitakaa mahali pake. Mla nyama akiacha maharage, protini na chuma anavipata kwingine bila hata kufikiri. Sisi tukiyaacha, tumeng'oa nguzo ya nyumba.

Kabla ya kuacha chochote

Maneno "chakula kinanikataa" huwa yanabeba mambo matatu tofauti, na kila moja lina njia yake.

La kwanza ni mzio wenyewe, aleji. Hapo kinga ya mwili inakiona chakula kama adui. Dalili huja haraka, dakika chache hadi saa mbili hivi: vipele, midomo kuvimba, kutapika, kifua kubana. Kiasi kidogo tu kinatosha. Ukiwahi kuvimba koo au kukosa pumzi baada ya kula kitu, usikijaribu tena jikoni kwako hata kwa kijiko, na usifuate mwongozo wa mtu kama mimi. Nenda kwa daktari wa mzio, na muulize kuhusu sindano ya adrenalini ya kutembea nayo.

La pili ni kutovumilia. Hapa shida iko kwenye usagaji wa chakula, nayo inategemea kiasi. Maziwa ndiyo mfano unaojulikana zaidi: sukari yake, laktosi, inahitaji kimeng'enya kiitwacho laktasi, na karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani kimeng'enya hicho kimepungua tangu walipotoka utotoni. Kwa hiyo ukiharishwa na maziwa huna ugonjwa wa ajabu, uko upande wa wengi. Na wengi wa hao wanaweza mtindi, kwa kuwa bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya laktosi, na jibini gumu lililokaa muda mrefu, ambalo laktosi yake ni kidogo sana.

La tatu ni siliaki, ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano), huifanya kinga ya mwili ishambulie utumbo wenyewe. Unawapata takriban mtu mmoja katika kila mia, na wengine hawana dalili za tumbo kabisa. Wanachoona ni damu isiyopanda hata wakinywa vidonge vya chuma. Sasa sikiliza vizuri: usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, yaani askari wa kinga ya mwili, zinazotokea ukiwa unakula gluteni. Ukiiacha miezi miwili kisha ukaenda maabara, majibu yanaweza kutoka safi huku ugonjwa upo. Mimi nilifanya kosa hilo. Ikabidi nirudi kula mkate kila siku kwa wiki kadhaa ndipo nipimwe tena. Majibu yalikuwa kwamba sina siliaki, lakini zile wiki sizisahau.

Kuna pia vile vipimo vinavyouzwa vya kutafuta "vyakula visivyokufaa" kwa kupima kingamwili za aina moja iitwayo IgG. Nilinunua kimoja. Nikaletewa orodha ndefu ya vyakula vya kuepuka, mchicha ukiwemo, ambao sijawahi kuugombanisha na tumbo langu. Baadaye ndipo nikajifunza kwamba IgG mara nyingi inaonyesha tu kuwa chakula hicho unakila. Vyama vikubwa vya madaktari wa mzio, vya Marekani na vya Ulaya, vinashauri visitumike kwa kazi hiyo. Hela ile ningenunua adesi za mwaka mzima.

Daftari

Kilichonisaidia ni daftari la shule la kurasa 48. Nililigawa safu nne: saa, nilichokula na kiasi, dalili na saa yake, na safu ya nne ya mambo mengine. Hiyo ya mwisho nusura niiache. Humo niliandika nimelala saa ngapi, kama niko karibu na hedhi, kama siku hiyo kuna kazi iliyonipanda kichwani. Baada ya wiki tatu niliona kwamba sahani ileile ya dengu iliyonituliza Jumamosi ilinivimbisha Jumatatu, siku niliyoila kwa dakika saba nikiwa nimesimama.

Wiki mbili za kwanza usibadilishe kitu. Kula kama kawaida, andika tu. Ndipo uchague mtuhumiwa mmoja.

Kwa sisi tunaovimba na kujaa gesi kuna utaratibu uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia, miaka ya 2000. Unaitwa FODMAP, kifupi cha kundi la sukari zisizofyonzwa vizuri kwenye utumbo mwembamba, ambazo bakteria wa utumbo mpana huzichachua na kutoa gesi. Kitunguu, kitunguu saumu, ngano, maziwa, jamii ya kunde, tufaha na embe vyote vimo. Una hatua tatu: kupunguza vyakula hivyo kwa wiki mbili hadi sita, kuvirudisha kimoja kimoja, kisha kubaki na lishe yako mwenyewe. Watu wengi hukwama hatua ya kwanza kwa sababu ndiyo inayoleta nafuu. Ndiko nilikokwama na wali wangu. Hatua ya kwanza si ya kuishi nayo, na kwa asiyekula nyama ni nyembamba mno, hivyo ukimpata mtaalamu wa lishe wa kukushika mkono usijivunge.

Kurudisha chakula nilikufanya hivi. Maziwa, kwa mfano: siku ya kwanza robo kikombe, ya pili nusu, ya tatu kikombe kizima, vingine vyote vikiwa vilevile. Nusu kikombe nilikuwa salama. Kikombe kizima, saa mbili baadaye nikaijua njia ya msalani. Basi nikaandika: "Maziwa, mwisho nusu kikombe." Nikapumzika siku tatu, nikaingia kwenye ngano.

Ngano ilinishangaza. Mkate nilioulaani miaka yote vipande viwili havikunifanya kitu. Nikarudi kwenye daftari kuangalia siku zote nilizoandika "mkate, tumbo vibaya." Kila siku mkate ulikuwa na mchuzi, na kila mchuzi ulikuwa na vitunguu viwili vya kukaanga. Mkate ulikuwa umesingiziwa.

Maharage, tena kwa urefu

Hapa naomba subira, maana ndipo mla mboga mwenye tumbo gumu anaposhinda au kushindwa.

Sukari zinazoleta gesi kwenye maharage huyeyuka kwenye maji. Maana yake ukiyaloweka kisha ukayapikia maji yaleyale, umezirudisha zote chunguni. Mimi huyaloweka usiku, kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili, kwa maji mengi mara tatu ya maharage. Asubuhi maji yana rangi na povu jembamba pembeni, ukiinama unasikia harufu ya majani mabichi. Hayo namwaga. Nasuuza mara mbili, naweka maji mapya, nayachemsha kwa nguvu dakika kumi na tano, namwaga tena, ndipo naanza kupika kwa kweli. Wapo wanaosema unamwaga vitamini. Kiasi fulani, ndiyo. Lakini vitamini za maharage usiyoweza kuyala hazikusaidii chochote.

Maharage mekundu yana sababu nyingine ya kuchemshwa kwa nguvu. Yakiwa mabichi yana sumu ya asili, aina ya lektini, na machache tu yanatosha kukutapisha vibaya. Yaloweke angalau saa tano, mwaga maji, kisha yatokote kikamilifu. Dakika kumi ndiyo chini kabisa, na wapo wanaoshauri thelathini. Sufuria za umeme za kupika polepole ni hatari kwa maharage haya kama hayajachemshwa kwanza, maana joto dogo haliui sumu hiyo.

Yapike hadi ukibana moja kati ya ulimi na kaakaa linapondeka lenyewe. Likihitaji jino, bado.

Kisha kiasi. Anza na vijiko viwili vya mezani kwa siku, wiki nzima, halafu vinne. Bakteria wa tumboni huzoea, lakini hawapendi kushtukizwa. Mimi ilinichukua karibu miezi miwili kufika nusu kikombe cha maharage yaliyoiva, na hapo ndipo nimekaa hadi leo. Kikombe kizima sikiwezi, sikilazimishi.

Maharage yakigoma kabisa, zipo njia za pembeni. Adesi nyekundu zilizokobolewa huiva kwa dakika ishirini na wengi huziona nyepesi. Adesi za kopo, zikichujwa na kusuuzwa, zina sukari hizo kwa kiasi kidogo kuliko za kuchemsha nyumbani, kwa kuwa zimekaa kwenye maji na sukari imehamia humo. Tofu ngumu, ile ya maziwa ya soya yaliyogandishwa, ni rafiki mkubwa: maji yalipokamuliwa yaliondoka na sehemu kubwa ya sukari. Ile laini ya kutetemeka haijakamuliwa, na mimi hunivimbisha. Nilidhani ni uchawi hadi nilipoelewa sababu.

Kitunguu saumu nacho kina mlango wa nyuma. Sukari yake inayotusumbua, fruktani, huyeyuka kwenye maji na haiyeyuki kwenye mafuta. Kaanga punje nzima kwa moto mdogo hadi zianze kugeuka rangi, zitoe zote, pikia mafuta hayo. Ladha imebaki, mkosaji ametoka. Tengeneza ya siku hiyo tu. Kitunguu saumu kilichokaa ndani ya mafuta nje ya friji kinaweza kuotesha bakteria wa botulinamu, na sumu yao haina harufu ya kukuonya. Mahali pa kitunguu maji natumia majani mabichi ya kitunguu, ile sehemu ya kijani peke yake. Mvuje nao unatoa harufu ya kitunguu kizuri, ila soma paketi, kwa sababu wa unga mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano.

Damu, mifupa na ile B12

Protini huwa haininyimi usingizi. Kwa mtu mzima mwenye afya kipimo cha kawaida ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mimi wa kilo 60 nahitaji kama gramu 48. Yai moja lina karibu sita, gramu mia za adesi zilizoiva zina tisa hivi. Ukiwa na mayai, tofu, mtindi na karanga, utafika bila kikokotoo. Kama karanga, soya na mayai vyote vimekukataa, hapo ndipo pa kukaa na mtaalamu mkahesabu.

Chuma kinahitaji akili zaidi. Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, kiasi kwamba miongozo ya Marekani inapendekeza wasiokula nyama walenge mara 1.8 ya kiwango cha wengine. Ila unaweza kukisaidia. Vitamini C kwenye mlo uleule hukipa nguvu ya kupita, hivyo nakamulia limau kwenye adesi zikishatoka motoni au nakata pilipili hoho mbichi pembeni. Chai na kahawa hufanya kinyume. Nilikuwa mtu wa chai na kila mlo. Niliisogeza saa moja na nusu baada ya kula, na pamoja na vidonge alivyoniandikia daktari, damu ikapanda. Vidonge vya chuma usijiandikie mwenyewe. Wapo watu ambao miili yao hulimbikiza chuma, na kikizidi kinadhuru.

B12 haina ujanja. Mimea haikupi kiasi cha kutegemea, wala mwani wa kijani unaouzwa kama unga haukupi. Mwingi wake una aina ambayo mwili hauwezi kuitumia. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Yai moja lina karibu nusu mikrogramu. Ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka, ndiyo maana watu hukaa wakisema "mbona mimi niko sawa," kisha vidole vya miguu vinaanza kufa ganzi. Na asidi foliki nyingi, hasa ya vidonge, inaweza kuificha dalili kwenye damu huku neva zikiendelea kuumia. Ukiacha maziwa na mayai, kidonge cha B12 ni lazima. Wanaotumia metformin (dawa ya kisukari) au dawa za kupunguza asidi ya tumbo kwa muda mrefu nao wapime, hata wakila nyama.

Mifupa: ukiacha maziwa, usitegemee mchicha. Kalsiamu imo, lakini oksaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye majani hayo, huishikilia, inayofyonzwa ni kidogo. Jamii ya kabichi na brokoli ni bora, na tofu iliyogandishwa kwa chumvi za kalsiamu. Maziwa ya soya yaliyoongezwa kalsiamu yatikise kila mara kabla ya kumimina. Kalsiamu hutuama chini. Nilikuwa nakunywa maji ya juu na kutupa boksi na madini yangu ndani.

Paketi na sahani za watu

Kwenye paketi kuna maneno yanayodanganya bila kudanganya. "Bila laktosi" maana yake sukari ya maziwa imeondolewa au imevunjwavunjwa. Protini ipo yote, na mwenye mzio wa maziwa inaweza kumlaza hospitali. "Bila gluteni" kwa kiwango cha kimataifa ni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Sosi ya soya nyingi ina ngano. Vipande vingi vya "nyama" ya mimea ni soya, njegere au gluteni tupu. Vidonge vya supu huficha kitunguu, maziwa, wakati mwingine hata mafuta ya kuku. Soma kila unaponunua, hata kitu ulichokinunua mwezi jana, kwa kuwa viwanda hubadilisha michanganyiko.

Kwa watu ndiko kugumu. Zamani nilikuwa nasema "sili hiki, sili kile," mwenyeji ananyong'onyea mlangoni. Siku hizi napiga simu siku mbili kabla na kutaja ninachokula. Mara ya kwanza nilipomjaribia mama mkwe, nilimwambia, "Mama, wala usihangaike, mimi viazi na mayai na kachumbari isiyo na kitunguu nashiba kabisa."

Akanyamaza kidogo. "Kachumbari isiyo na kitunguu, mwanangu, si ni nyanya tu hiyo?"

"Ni nyanya, mama."

"Haya. Nitakukatia nyanya."

Nilipofika palikuwa na bakuli langu pembeni, limefunikwa kitambaa, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Nami huja na chombo changu cha adesi, cha kutosha watu wanne, naweka mezani kama zawadi. Mwenye mzio mkali asiishie hapo: aulize kijiko kimekorogea wapi na mafuta yamekaangia nini, tena aulize bila aibu.

Kila baada ya miezi sita hivi nawarudisha watuhumiwa wangu mahakamani, wale wa gesi tu, kwa sababu tumbo hubadilika. Mwaka juzi kitunguu maji kilipita robo kijiko. Mwaka jana nusu. Wiki hii niko kwenye dengu nzima: Jumapili vijiko viwili, salama, jana vitatu, ngurumo kidogo saa nne usiku, nimeandika. Kesho narudia vitatu hivyohivyo, lakini nitakula nimekaa.